Mpwa wangu alikuwa anaanguka kila kengele ikigongwa, kumbe shida ni milango ya potasiamu kwenye moyo. Karibuni tujadili

MwalimuWaZamu (mleta uzi)

Wakuu poleni na majukumu. Niko huku Tukuyu, mvua haijakata tangu saa nane mchana, umeme umeenda na simu ina chaji asilimia 60 hivi kwahiyo naandika mpaka izime, mtanivumilia makosa ya kuandika.

Nafundisha baiolojia sekondari, mwaka wa 12 huu. Miaka yote hiyo nikifika mada ya moyo nachora vyumba vinne ubaoni, naweka mishale ya damu, wanafunzi wananakili, tumemaliza. Umeme wa moyo nilikuwa naupita juu juu, sentensi mbili tu tena nikiwa nafuta ubao. Mwaka jana ndo nimelazimika kurudi shule mwenyewe kwa sababu ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana miaka 14.

Huyu binti anakaa bweni. Kengele ya shule yao ni rimu ya lori imening'inizwa kwenye mkaratusi, inagongwa kwa nondo saa kumi na moja alfajiri. Ikigongwa ile kitu mpaka ng'ambo ya korongo wanaamka. Basi binti akawa anaanguka. Sio kila siku, ila ikitokea ni alfajiri hiyohiyo, rimu ikilia tu anakaa kitandani, anasema naona giza, anadondoka, anarusha mikono na miguu, dakika haijaisha anaamka kachoka na hajui kilichotokea. Mara ya kwanza wakasema malaria imepanda kichwani. Mara ya pili wakasema kifafa, akaanzishiwa vidonge, kavimeza mwaka na nusu na kuanguka kukabaki palepale. Hapo katikati bibi yake akampeleka kwa mtu Kyela, sitaki kueleza sana, kuku wawili walienda na hawakurudi.

Swali lililotutoa gizani aliuliza daktari mmoja kijana mdogo tu, sura kama anafanya mazoezi: "Huwa anaanguka akiwa anafanya nini?" Miaka miwili hakuna aliyewahi kuuliza hilo. Dada akajibu, kengele. Kijana akanyamaza kidogo akasema apimwe ECG (kipimo kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi), sasa hivi.

Nilikuwepo wakati karatasi inatoka. Ile karatasi inatembea milimita 25 kwa sekunde, kwahiyo kiboksi kidogo kimoja ni milisekunde 40. Daktari akachukua kalamu, akaweka ncha pale mstari unapoanza kuchomoka (panaitwa Q) akawa anahesabu viboksi kwa midomo bila sauti mpaka kile kilima cha mwisho, T, kinapolala. 13. Akarudia kwenye pigo lingine, 13. Mara 40 ni milisekunde 520, na huo muda wa Q mpaka mwisho wa T ndo wanauita QT. Mapigo yake yalikuwa 60 kwa dakika, kwahiyo hata ile hesabu ya Bazett ya mwaka 1920 ya kusawazisha kasi ya moyo haikuhitajika, kwenye 60 jibu ni lilelile. Kwa mwanamke ukivuka 460 wanaanza kukuangalia vizuri, ukivuka 500 hawakuachii urudi nyumbani hivihivi. Na kile kilima cha T kilikuwa na nundu mbili, kama mtu kaanza kuchora kilima akaghairi akaanza kingine juu yake.

Akamgeukia dada: mama, huyu mtoto hana kifafa, moyo wake unachelewa kurudi kwenye chaji.

Naendelea chini, msijibu kwanza.

---

MwalimuWaZamu

Haya sasa nyama. Seli ya moyo ichukulie kama betri. Ndani imejaa potasiamu, karibu milimoli 140 kwa lita, nje ipo kama 4 tu. Sodiamu kinyume chake, nje imejaa ndani kidogo. Tofauti hiyo inalindwa na pampu iliyopo ukutani mwa seli, inatupa nje sodiamu 3 inaingiza potasiamu 2, usiku na mchana, na inakula nguvu kwelikweli. (Jens Skou wa Denmark ndo aliifichua mwaka 1957 na Nobeli yake kapewa 1997, miaka 40 kasubiri, wale mnaolalamikia kupanda madaraja mpo?)

Sasa kwenye huo ukuta kuna vitundu vya protini, chaneli, kila kimoja na ioni yake (chembe yenye chaji, kama hizo sodiamu na potasiamu). Seli ikiwa imetulia vilivyo wazi zaidi ni vya potasiamu. Potasiamu inachuruzika kwenda nje, inaondoka na chaji chanya, ndani panabaki hasi, karibu milivolti 90 chini ya sifuri. Hapo seli imelala inasubiri kuitwa.

Ikiitwa inakuwa hivi, wazoefu wa barabara ya Dar mtanielewa. Kupanda mlima Kitonga ni sodiamu, milango yake inafunguka inaingia kwa vurugu, umeme unaruka juu ndani ya milisekunde moja mbili. Ukishafika juu unakuta tambarare, Iringa, Mafinga mpaka Makambako, hapo kalisiamu inaingia taratibu na potasiamu inatoka taratibu, zinakabana, umeme hausogei sana, na huo ndo muda msuli wa moyo unakaza na kusukuma damu. Halafu ukitoka Makambako unaanza kuteremka kwenda Igawa na bonde la Usangu. Mteremko huo ni potasiamu peke yake. Kalisiamu imefunga, potasiamu inamiminika nje, umeme unarudi chini kwenye hasi 90. Safari nzima milisekunde 200 mpaka 300, na kwa siku inarudiwa kama mara laki moja.

Mimi miaka 12 nafundisha kupanda tu. Mteremko sikuwahi kuutaja. Na mpwa wangu tatizo lake liko kwenye mteremko, milango ya kutolea potasiamu ni michache au inafanya kazi nusu, basi seli zinachelewa kushuka. Tena hazichelewi sawasawa, hizi zimeshatulia zile bado ziko juu, na ile kalisiamu inapata mwanya wa kuchungulia tena, pigo la ovyo linazaliwa kabla la kwanza halijaisha. Ndo moyo unaanza kuzunguka hovyo, mistari kwenye ECG inasokotana kama kamba ya katani, Mfaransa Dessertenne aliieleza mwaka 1966. Damu haifiki kichwani, mtoto anadondoka na kurusha miguu. Mara nyingi moyo unajirudi wenyewe, anaamka. Siku usipojirudi ndo basi.

Sauti ya ghafla ikimshtua mtu aliyelala ndo kichochezi kinachojulikana kabisa kwa aina moja ya ugonjwa huu, unaoitwa QT ndefu. Kengele, alamu ya saa, simu. Nilivyosoma hilo nilikaa chini.

---

DerevaWaKitonga

Mwalimu umeongea vizuri ila Kitonga milisekunde moja?? Njoo upande na semi yenye saruji tani 30, gia ya kwanza, turnboi kashuka anatembea na kigogo pembeni ya tairi. Hiyo sodiamu yako itakuwa inapanda na V8 ya serikali 😂

Ila kwenye kushuka nimekuelewa. Kwenye mteremko ndo tunafia.

---

ParachichiTamu

Ndaga mwalimu. Swali la mkulima. Hii potasiamu ndo ile K kwenye mfuko wa NPK au ni nyingine?

---

MwalimuWaZamu

@ParachichiTamu ndo hiyohiyo mkuu. Mbolea ya chai ile 25:5:5, tano ya mwisho ndo K. Na majivu ambayo bibi zetu wanamwagia migomba ni potasiamu. Hata hiyo herufi K imetokana na neno la Kiarabu la majivu ya mimea, kali, ndo wazungu wakapata kalium. Humphry Davy alipitisha umeme kwenye potasi iliyoyeyushwa mwaka 1807 akaipata yenyewe tupu.

@DerevaWaKitonga nakubali, nimekosea gari.

---

KijanaWaPCB

Naweka kambi hapa, niko kidato cha sita. Mwalimu kuna kitu hakinikai. Sodiamu ni ndogo kuliko potasiamu. Sasa kitundu kinachopitisha kikubwa kinazuiaje kidogo? Wavu wa samaki haufanyi hivyo.

---

MwalimuWaZamu

Hili swali liliwasumbua wanasayansi miaka mingi mdogo wangu. Roderick MacKinnon mwaka 1998 akaonyesha umbo la chaneli ya potasiamu ya bakteria wa kwenye udongo, na mwaka 2003 akapata Nobeli. Kilichoonekana ni hiki. Ioni kwenye maji haitembei uchi, imezungukwa na molekuli za maji zimeishikilia. Kupita kwenye ule mlango mwembamba lazima ivue hayo maji, na kuvua kuna gharama. Kwenye koo la chaneli kuna oksijeni zimepangwa kwa umbali uleule ambao maji yanaizunguka potasiamu, kwahiyo potasiamu inavua maji inashikwa na oksijeni, haisikii tofauti, inateleza. Sodiamu ni ndogo, ikivua maji hizo oksijeni haziigusi pande zote, inabaki inaning'inia, bora ibaki na maji yake nje.

Chukua spana namba 13 ufungue nati namba 12. Nati inaingia vizuri tu, ila spana inazunguka bure. Ndo hivo.

Na pamoja na ubaguzi huo potasiamu inaweza kupita mpaka ioni milioni 100 kwa sekunde kwenye kitundu kimoja. Nilivyosoma hiyo namba nikarudia kusoma.

---

BintiUporoto

Mimi nina la kwangu sio la ugonjwa. Huku kwetu Isyonje mwezi wa saba ukinawa uso na maji ya ndoo iliyolala nje, moyo unahisi kabisa umepunguza mwendo, kama umesita. Ni hiyo milango au ni baridi tu inanichanganya?

---

DaktariWaZamuUsiku

@BintiUporoto ni hiyo milango, ila ya familia nyingine. Maji baridi usoni yanaamsha neva ya vegasi, inamwaga asetilikolini kwenye kichochea mapigo cha moyo, asetilikolini inafungua chaneli za potasiamu za pale, potasiamu inatoka, seli zinakuwa hasi zaidi na zinachelewa kufikia kiwango cha kupiga. Otto Loewi alionyesha mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya chura kwamba neva hiyo inatoa kemikali, alichukua maji yaliyozunguka moyo wa kwanza akaweka kwenye wa pili, nao ukapunguza mwendo bila kuguswa. Wazo la jaribio alilipata ndotoni, sisi usingizini tunaota madeni.

Mwalimu hongera, umeandika vizuri kuliko baadhi ya tunaosoma nao. Marekebisho mawili. Milango inayoshikilia seli ikiwa imelala na ile inayoishusha baada ya pigo ni protini tofauti, usiwachanganye vijana wa PCB. Ya kushusha iko miwili mikubwa, wa haraka unaitwa hERG na wa taratibu unajengwa na jeni ya KCNQ1. La pili, kama mpwa wako hajapimwa jeni basi semeni "inaelekea ni QT ndefu aina ya pili", ile ya hERG mbovu. Kushtuka kwa kengele na T yenye nundu mbili vinaashiria hERG kwa nguvu sana, ila bado ni kuashiria. Wenye KCNQ1 mbovu huanguka zaidi wakikimbia au wakiogelea.

---

MwalimuWaZamu

Nashukuru daktari, ni kweli jeni hatujapima, na yule daktari wetu alisema hivohivo inaelekea.

Hilo jina hERG acheni niwape stori yake. Miaka ya 60 huko California watu walikuwa wanafanya utafiti na nzi wadogo wa matunda, hawa wanaozunguka ndizi mbivu. Wakiwapulizia etha walale, kuna kundi la nzi likawa linatikisa miguu badala ya kulala kimya, kama wanacheza muziki. Mjini Los Angeles kulikuwa na klabu maarufu ya dansi, Whisky a Go Go. Basi wakawaita nzi hao ether-a-go-go, Kaplan na Trout wakaandika 1969. Mwaka 1994 Warmke na Ganetzky wakakuta binadamu ana jeni inayofanana nayo, na 1995 ikajulikana kwamba ikiharibika inaleta QT ndefu aina ya pili. Yani kinachomwangusha mtoto wa Rungwe kina jina la disko.

Na mlango wenyewe unavyofanya kazi ni wa ajabu. Una geti na una komeo. Umeme ukipanda, geti linafunguka taratibu, ila komeo linajifunga haraka kuliko geti, kwahiyo tambarare nzima geti liko wazi na mlango umekomewa, kinachopita ni kidogo sana. Umeme ukianza tu kushuka, komeo linaachia mara moja, na geti ni zito kufunga. Hapo katikati njia inakuwa nyeupe, potasiamu inatoka kwa fujo na mteremko unakamilika. Waliowahi kukaa kwenye banio la mfereji kule Mbarali wakati wa zamu ya maji wanaujua huo muda mfupi kati ya kufungua na mwenzako kuja kufunga.

---

MzeeWaKiwira

Mwanangu mwalimu nakuheshimu, lakini mambo mengine acha yaitwe majina yake. Mtoto anaanguka alfajiri kengele ikilia, saa ambayo watu wabaya wanarudi makwao. Hizo namba zako 520 haziondoi hilo.

---

MwalimuWaZamu

Shikamoo mzee. Mimi sina ugomvi na bibi aliyempeleka Kyela, alikuwa anampenda mjukuu wake kwa njia aliyokuwa nayo. Nasema hivi tu, tangu aanze vidonge vya propranololi miezi tisa iliyopita hajaanguka hata mara moja, na kengele inagongwa saa ileile na watu wabaya naona bado wanarudi saa ileile.

---

MfamasiaMwanjelwa

Mzee wa Kiwira kapigwa na kitu kizito 😅 samahani mzee.

Nimeusubiri uzi ufike kwenye dawa. Hii hERG kwetu mafamasia ndo inatunyima usingizi. Pango lake la ndani ni pana kuliko la ndugu zake na lina kuta zinazonasa molekuli za dawa nyingi zisizohusiana kabisa na moyo. Dawa ya mafua na mzio, dawa ya tumbo, antibayotiki, inaingia mule inakwama, mlango umezibwa, mtu mzima kabisa anapata QT ndefu ya kununua dukani. Terfenadini ilikuwa dawa ya mzio inauzwa dunia nzima, ikatolewa sokoni Marekani 1998. Sisapridi ya kiungulia ikafuata 2000. Halofantrini ya malaria nayo iliacha watu wamekufa ghafla. Tangu 2005 kuna mwongozo wa kimataifa, dawa mpya lazima ijaribiwe kwenye mlango huu kabla haijaenda mbali, na nyingi nzuri zinafia hapo.

Kwa mwenye QT ndefu ya kuzaliwa: erithromaisini hapana, ketokonazoli ya vidonge hapana, kwinini kwa tahadhari kubwa, hata dawa mseto ya malaria kikaratasi chake kinamtaja mtu wa namna hii, aseme kwanza kwa daktari. Na wanaotibiwa TB sugu kwa bedakwilini wanapigwa ECG kila mara kwa sababu hiyohiyo, sio kwamba wanachezewa.

---

MwalimuWaZamu

@MfamasiaMwanjelwa umenigusa kidonda. Kabla hatujajua, binti alipata kifua, akanunuliwa erithromaisini duka la dawa fulani bila cheti, wiki hiyo kaanguka mara mbili, na mara ya pili alichukua muda mrefu kuamka mpaka matroni analia. Sisi tukasema ugonjwa umezidi. Sasa hivi nimeandika orodha ya dawa kwenye karatasi, nimeipiga lamineti, anaiweka pamoja na kitambulisho cha shule, na nyingine iko ukutani kwa dada karibu na kalenda.

---

MwalimuWaViziwi

Jamani nimesoma nimetetemeka. Nafundisha watoto viziwi mkoa mmoja huku juu. Nina mtoto wa miaka 7, kiziwi wa kuzaliwa, amezimia mara tatu, zote akiwa anakimbia uwanjani. Wazazi wanasema ni kawaida yake. Kuna uhusiano wowote au nimejitia hofu?

---

DaktariWaZamuUsiku

Dada huyo mtoto asikimbie tena mpaka apimwe ECG, na kesho usiingie darasani kabla hujampigia mzazi. Naandika hivi kwa uzito wake.

Mwaka 1957 madaktari wawili wa Norwei, Jervell na Lange-Nielsen, walieleza familia yenye watoto sita, wanne viziwi wa kuzaliwa wanaozimia, watatu kati yao wakafa ghafla. Sababu ikaja kujulikana baadaye sana. Ule mlango wa KCNQ1 haupo kwenye moyo tu, upo na kwenye sikio la ndani, unajaza potasiamu kwenye maji yanayozunguka vinyweleo vya kusikia. Mtoto akirithi jeni mbovu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, sikio halisikii na moyo haushuki. Ni ugonjwa adimu sana, na kuzimia kuna sababu nyingi, inawezekana kabisa ni kitu kingine. Lakini kiziwi wa kuzaliwa anayezimia akikimbia anapigwa ECG, haina mjadala. Hospitali ya mkoa wanayo mashine. Ikionekana ndefu watawapa rufaa ya Mbeya au taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili.

---

KijanaWaPCB

Daktari samahani narudi tena. Nimesoma kuwa potasiamu ikipungua kwenye damu QT inarefuka. Kwa akili ya kawaida nje ikipungua tofauti ya ndani na nje inakuwa kubwa, potasiamu ingetoka kwa kasi zaidi, pigo lingekuwa fupi. Mbona inakuwa kinyume?

---

DaktariWaZamuUsiku

Wewe ukija chuo tutafutane. Swali zuri sana hilo. Jibu liko kwenye lile komeo alilolieleza mwalimu. Potasiamu ya nje inasaidia kulizuia komeo lisijifunge. Ikipungua nje, komeo linafunga milango mingi zaidi, na milango ile ya wakati wa kulala nayo inapitisha kidogo. Kwahiyo mvutano umeongezeka lakini njia zimepungua, njia inashinda mvutano. Ndo maana mtu wa QT ndefu akiharisha na kutapika siku mbili ni dharura, na anayetumia vidonge vya kukojoza maji apimwe potasiamu. Tunataka isishuke chini ya 4 kwa watu hawa.

---

KijukuuChaMkwawa

Kamwene wakuu. Mimi kwangu ni kinyume, mama yangu anasafishwa damu, figo zimegoma. Kila kliniki wanamgombeza potasiamu iko juu, mara ya mwisho 6.4. Mama ni mtu wa ndizi na viazi toka azaliwe, sasa anasema bora afe kuliko kula wali mweupe kila siku. Kwani ikiwa nyingi inafanya nini, si mmesema ndo inatuliza moyo?

---

DaktariWaZamuUsiku

Inatuliza mpaka inauzima. Ikijaa nje, ile tofauti ya ndani na nje inapungua, seli haishuki vizuri mpaka hasi 90, inaishia juu kidogo. Milango ya sodiamu inahitaji kushuka huko ndo ijiweke tayari kwa pigo linalofuata, isiposhuka inabaki imefungwa. Kwenye ECG tunaona T imechongoka kama kilele cha hema, halafu mistari inapanuka, halafu inakuwa mawimbi, halafu hakuna. Mgonjwa akifika hivo tunampa kalisiamu ya mshipa haraka kulinda moyo, insulini pamoja na glukosi kuisukuma potasiamu irudi ndani ya seli, salbutamoli ya kuvuta nayo inasaidia, na mwisho asafishwe damu maana hizo za kwanza zinaihamisha tu hazijaitoa.

Chakula: ndizi moja ya wastani ina kama miligramu 420. Parachichi na viazi gramu kwa gramu vinaizidi ndizi, maharage nayo yamo. Viazi mmenye, mkate vipande vidogo, mchemshe kwa maji mengi, mmwage maji, mchemshe tena maji mapya. Mchuzi wa hayo maji asinywe. Na ile chumvi inayouzwa ya watu wa presha asiiguse, nyingi ni potasiamu. Kiasi gani ale kila siku aulize palepale anaposafishwa, wana mtu wa lishe.

---

ParachichiTamu

Kwahiyo parachichi zangu zinaua au zinaponya nijue nauzaje 😂

---

DaktariWaZamuUsiku

Mwenye figo nzima ale mpaka achoke, figo zitatoa ya ziada. Uza tu mkuu.

---

MwalimuWaViziwi

Mrejesho. Nilimpigia mzazi usiku uleule, baba yake alikuwa mkali mwanzo. Leo tumempeleka wote wawili. ECG wamesema QT ni ndefu, hawakutaja namba, wameandika rufaa na wameanza kumpa dawa. Tunaondoka Jumatatu na basi la alfajiri. Sijui niseme nini kwa mleta uzi.

---

MwalimuWaZamu

Dada usiseme kitu, safiri salama na hakikisha dawa zipo kwenye begi la mkononi sio kwenye buti la basi.

Nami nina mrejesho wangu, nilikuwa sijausema kwa sababu sikuwa nimejua jibu. Aina hii mzazi mmoja tu akiwa nayo kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi, kwahiyo daktari alitaka familia nzima tupimwe. Dada yangu kapimwa, 485. Tukamuuliza kama aliwahi kuzimia, akasema hapana, halafu kama robo saa baadaye tukiwa tunakunywa chai akasema, ngoja, nilivyomzaa huyu wa pili. Mtoto alikuwa akilia usiku ghafla yeye anaamka anaona giza, mara mbili alikutwa chini pembeni ya kitanda, wakasema damu imepungua, wakamnunulia dawa ya kuongeza damu. Kumbe miezi ile tisa baada ya kujifungua ndo kipindi kibaya zaidi kwa wanawake wa aina hii. Kalala chini na kichanga juu ya kitanda, na hakuna aliyejiuliza. Sasa anameza vidonge sawa na binti yake, wanakumbushana kwa simu, na simu zote mbili ziko kwenye mtetemo.

Mdogo wake binti, 420. Mimi Jumanne nilipanda bajaji kwenda kupima, moyo wenyewe ulikuwa unapiga kama ngoma ya ling'oma, wakanipumzisha kwanza. 415.

---

BintiUporoto

Ashukuriwe Mungu. Na ile rimu wameitoa?

---

MwalimuWaZamu

Haijatolewa, shule ina watoto 600 na rimu ni moja. Nilienda nikaongea na matroni. Rafiki yake wa kitanda cha jirani huwa anaamka mapema kusoma, basi saa kumi na dakika hamsini anamshika kidole gumba cha mguu, anakivuta taratibu mpaka afungue macho, anasubiri aitikie. Ikifika saa kumi na moja rimu ikilia, yeye yuko nje anapiga mswaki.

Chaji asilimia 4, naishia hapa.